Histogramu, kisanduku au mkunjo? Kuchagua mchoro wa kuonyesha umbo la data

Hizi ni alama 20 za mtihani mmoja. Nimezitunga mwenyewe, na nitazitumia kuanzia hapa hadi karibu na mwisho:

31, 33, 34, 36, 36, 38, 39, 41, 42, 44, 66, 68, 69, 71, 71, 73, 74, 76, 77, 79

Wastani wake ni 54.9. Mediani, yaani thamani ya katikati namba zikishapangwa kwa ukubwa, ni 55. Mwalimu mkuu akiletewa namba hizo mbili tu ataondoka akiamini darasa liko kwenye hamsini na kitu, wachache wamezidi, wachache wamepungua. Sasa zitazame tena zile alama. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyepata hamsini na kitu. Kumi wameishia chini ya 45, kumi wamevuka 65, na katikati yao peupe.

Hilo ndilo umbo la mgawanyo wa data: namba zimerundikana wapi, marundo ni mangapi, mkia umevutikia upande gani, na nani amekaa mbali peke yake. Michoro ya kuonyesha hayo ipo mingi, na programu yoyote ya takwimu itakuchorea yote kabla hujapepesa macho. Ila kila mchoro una kitu unachokificha. Basi niipitishe kwenye alama hizi 20 tuone upi unaliona lile pengo na upi unapita juu yake.

Data zikiwa chache: nukta au shina na majani

Kama namba zako hazifiki mia, sioni sababu ya kukimbilia mchoro mzito. Kuna mchoro wa nukta, ambao kila namba ni nukta moja juu ya mstari wa vipimo. Na kuna mchoro wa shina na majani, ambao tarakimu zenyewe ndizo mchoro:

3 | 1 3 4 6 6 8 9
4 | 1 2 4
5 |
6 | 6 8 9
7 | 1 1 3 4 6 7 9

Shina ni makumi, majani ni mamoja. Mstari wa 5 hauna jani, na hakuna atakayeuliza maana yake. Uzuri wa mchoro huu ni kwamba hakuna namba iliyopotea: ukitaka mediani unahesabu majani kumi, unachukua la kumi na la kumi na moja, umemaliza. Ukigeuza karatasi kiubavu una histogramu ya bure. Ubaya wake ni kwamba haupendi desimali, na ukiupa namba mia tano majani yanatoka nje ya ukurasa.

Nukta zinavumilia desimali, lakini namba zikijirudia sana hupandana na rundo la nukta kumi likaonekana kama la nukta tatu. Mimi nikiwa na kalamu na karatasi huchora shina na majani. Nikiandikia watu ambao hawajawahi kuuona mchoro huo, naweka nukta, maana nukta hazihitaji mkalimani.

Histogramu: kila kitu kiko kwenye upana wa fungu

Neno histogramu lilianzishwa na Karl Pearson, mwanatakwimu wa Uingereza, miaka ya 1890. Unakata mstari wa vipimo katika mafungu yenye upana sawa, unahesabu namba zilizoangukia kila fungu, unasimamisha mhimili wa urefu huo. Mihimili inagusana kwa sababu mstari hauna mapengo. Ukiona mihimili iliyoachana, hiyo kwa kawaida ni chati ya aina za vitu, si histogramu.

Ukiwa na data elfu moja, histogramu haina mpinzani kwa kuonyesha vilele na mikia. Ila upana wa fungu ni uamuzi wako, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Tujaribu na zile alama zetu.

Mafungu ya upana wa 10, kuanzia 30: mihimili inatoka 7, 3, 0, 3, 7. Bonde liko wazi kabisa.

Mafungu ya 20, kuanzia 30: 10, 3, 7. Bonde bado lipo lakini limefifia, na inaonekana kana kwamba kundi la chini ni kubwa kuliko la juu, jambo ambalo si kweli.

Mafungu ya 20 yaleyale, ila tuanze 20: 7, 3, 10. Sasa kundi la juu ndilo kubwa! Data hazijabadilika hata moja. Tumesogeza tu mahali pa kuanzia.

Mafungu ya 25, kuanzia 30: 10 na 10. Mihimili miwili iliyo sawa, tambarare kama meza. Ukimwonyesha mtu mchoro huo atakwambia alama zimeenea kila mahali kwa usawa.

Utasema: si kuna kanuni za kuchagua upana? Zipo. Ya Sturges, ya mwaka 1926, inachukua logi ya idadi ya data kwa kizio cha 2 na kuongeza 1. Kwa data 20 unapata kama 5.3, yaani mafungu matano au sita, na kwa bahati nzuri hayo yanalionyesha bonde. Kanuni hii haifai sana data zikiwa nyingi, kwa sababu idadi ya mafungu inaongezeka polepole mno: kwa data 1,000 inakupa mafungu 11 tu.

Freedman na Diaconis walileta yao mwaka 1981. Unachukua upana wa nusu ya katikati ya data, unauzidisha kwa 2, unagawanya kwa kipeuo cha tatu cha idadi ya data. Vitabu vingi huisifu kwa kuwa haiyumbishwi na namba moja iliyopotea njia. Kwetu, nusu ya katikati inaanzia 37 hadi 72, upana wake 35. Mara mbili ni 70, ukigawanya kwa 2.71 unapata karibu 26. Yaani mafungu mawili, ileile meza tambarare. Kanuni inayosifiwa ndiyo iliyofukia bonde, na sababu ni rahisi kuiona: nusu ya katikati ya data zetu ni pana kwa sababu ndani yake mna pengo, basi pengo lenyewe ndilo lililonenepesha mafungu yaliyolificha.

Kwa hiyo ukichagua histogramu, ichore mara tatu kwa upana tofauti kabla hujaiamini. Kilele kinachobaki katika zote tatu kina haki ya kuandikwa kwenye ripoti. Kinachotokea kwenye moja tu, kiache.

Kisanduku: kizuri kwa kulinganisha, kipofu kwa vilele

Mchoro wa kisanduku ulienezwa na John Tukey, Mmarekani, katika miaka ya 1970. Unahitaji namba tano tu: ndogo kabisa, robo ya kwanza (robo ya data ziko chini yake), mediani, robo ya tatu (robo tatu za data ziko chini yake) na kubwa kabisa. Kwetu ni 31, 37, 55, 72 na 79. Kisanduku kinachorwa kutoka 37 hadi 72, mstari unapita 55, na masharubu yananyooka hadi 31 upande mmoja na 79 upande wa pili.

(Usishangae programu yako ikikupa 37.5 na 71.5 badala ya 37 na 72. Njia za kukokotoa robo ni nyingi na programu hazikubaliani. Kwa data nyingi tofauti hiyo haina uzito.)

Matokeo yake ni kisanduku kizuri, chenye ulinganifu, mstari wa mediani umekaa karibu katikati kabisa. Na mediani hiyo imesimama juu ya mahali pasipo na mtu. Kisanduku hakina namna ya kusema "hapa ndani hamna kitu". Kinajua tu kwamba nusu ya data ziko kati ya ukuta huu na ule.

Niliwahi kuandika ripoti ya muda wa kujibu maombi, visanduku kumi na viwili vimepangwa safu moja, nikajisikia fundi. Wiki mbili baadaye mwenzangu mmoja akachora nukta za data zilezile na tukagundua kwamba kila kisanduku kilibeba aina mbili za maombi, ya dakika chache na ya saa kadhaa, na mediani niliyoishadidia haikuwa muda wa ombi lolote. Tangu siku hiyo sichori kisanduku cha data ambazo sijaziona kwanza kwa njia nyingine.

Haki yake nayo tuitoe. Ukitaka kulinganisha makundi kumi na tano kwa pamoja, histogramu kumi na tano ni vurugu, lakini visanduku kumi na vitano vinasomeka kwa mtupo mmoja wa macho: nani yuko juu, nani amejitanua, mkia wa nani ni mrefu. Sharubu la kulia likiwa refu mara tatu ya la kushoto, na mediani imesogea kushoto ndani ya kisanduku, hapo una mkia wa kulia bila ubishi. Na jicho lililozoea linaweza hata kushuku vilele viwili: kwetu kisanduku kina upana wa 35 ilhali masharubu yana 6 na 7 tu. Kisanduku kinene chenye masharubu mafupi hivyo ni dalili kwamba data zimekimbilia pembeni.

Kuhusu zile nukta zinazochorwa nje ya masharubu, kanuni ya Tukey inasema namba iliyo mbali na kisanduku kwa zaidi ya mara 1.5 ya upana wake ionyeshwe peke yake. Kwa alama zetu mipaka inaangukia -15.5 na 124.5. Mtihani ni wa 100, kwa hiyo hata atakayepata sifuri hataonekana kuwa wa ajabu. Kituko ni kwamba mwanafunzi ambaye kweli angekuwa wa ajabu katika darasa hili ni yule ambaye angepata 55, na yeye angezama katikati ya kisanduku bila mtu kumwona. Kwa upande mwingine, hata data safi zenye umbo la kengele hutoa nukta za nje: karibu 7 katika kila 1,000. Nukta hizo ni mwaliko wa kuangalia. Hukumu ya kufuta hazina.

Mkunjo wa msongamano: mlaini kupita kiasi

Huu unachukua kila namba, unaweka kilima kidogo juu yake, halafu unajumlisha vilima vyote upate mstari mmoja laini. Hauna shida ya mahali pa kuanzia fungu, na unaweza kulaza mikunjo miwili au mitatu juu ya karatasi moja ukailinganisha, jambo ambalo histogramu hulifanya kwa tabu.

Badala ya upana wa fungu una upana wa kilima, na tatizo ni lilelile limevaa nguo nyingine. Kwa alama zetu, mpangilio wa kawaida wa programu ya takwimu iitwayo R unatoa kilima cha upana wa kama 9. Vilele viwili vinaonekana, vizuri. Lakini bonde halifiki sifuri, kana kwamba kuna wanafunzi wachache pale hamsini, na mkia wa kulia unaendelea hadi 106. Alama 106 kwenye mtihani wa 100! Mkunjo haujui kwamba kuna ukuta. Wewe ndiye unayejua. Data zenye ukuta, kama muda ambao hauwezi kuwa chini ya sifuri, zinataka tahadhari hapa, na data ambazo idadi yake haifiki hamsini nisingezipa mkunjo kabisa.

Mchoro wa fidla, uliopendekezwa na Hintze na Nelson mwaka 1998, ni mkunjo huu ukiwa umewekwa pande zote mbili na kisanduku chembamba katikati. Makundi yakiwa machache na data nyingi, naupenda kuliko kisanduku kitupu. Data zikiwa chache, weka nukta.

Mkunjo limbikizi

Vitabu vya shule huuita ogivu. Kwa kila thamani unasoma ni asilimia ngapi ya data ziko chini yake. Hauna fungu, hauna kilima, hauna uamuzi wa kubishania, na pengo letu lingeonekana kama mstari uliolala kutoka 44 hadi 66. Kwa nini basi hautumiki zaidi? Kwa sababu watu wengi hawausomi. Vilele katika mkunjo huu ni miinuko mikali, na jicho halikuzoea kutafsiri mwinuko kuwa wingi. Swali likiwa "ni asilimia ngapi walishindwa kufika 50?" hakuna mchoro bora. Swali likiwa "umbo likoje?" chagua mwingine.

Na namba za kuandamana na mchoro?

Hapa chaguo linategemea ulichokiona. Chukua muda wa kusubiri, kwa dakika: 2, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 7, 9, 14, 53. Wastani ni 10, mediani ni 5. Kati ya watu kumi na mmoja, tisa walisubiri chini ya "wastani". Ukimwondoa yule wa 53, wastani unaporomoka hadi 5.7 na mediani inashuka kidogo tu, 4.5. Mkia ukiwa upande mmoja, andika mediani na upana wa nusu ya katikati. Wastani uandike pia pale jumla inapohitajika: anayepanga idadi ya wahudumu anahitaji dakika zote, za yule wa 53 zikiwemo.

Tuelewane pia juu ya upande. Data hizi zina mkia wa kulia, ingawa rundo lenyewe liko kushoto. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kufuata rundo. Jina linafuata mkia.

Data zenye ulinganifu na kilele kimoja zinatosheka na wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani), na zikiwa na umbo la kengele unaweza kusema kwamba takriban 68% ziko ndani ya mkengeuko mmoja kutoka wastani na 95% ndani ya miwili. Sharti ni hilo la kilele kimoja. Mkengeuko wa alama zetu ni 18.4, kengele yenye wastani na mkengeuko huo ingetuahidi wanafunzi wapatao wanne kati ya 50 na 60. Tunao sifuri.

Zikiwa na vilele viwili, hakuna namba moja ya katikati itakayokuokoa. Chemchemi ya maji moto ya Old Faithful, Yellowstone nchini Marekani, ni mfano unaojulikana sana: data za milipuko 272 zinazokuja na programu ya R zina wastani wa karibu dakika 3.5, lakini milipuko mingi ama ni ya dakika mbili hivi ama ya nne na nusu. Zitenganishe kwanza, kisha uandike katikati ya kila upande.

Kurtosisi nayo hutajwa sana kama kipimo cha uchongokaji wa kilele. Siyo. Inachopima kwa kiasi kikubwa ni uzito wa mikia. Kama huna kazi mahsusi nayo, iache.

Namba iliyojitenga: uiweke au uiondoe?

Mwaka 1882 Simon Newcomb, mwanaastronomia wa Marekani, alipima mwendo wa mwanga mara 66, akiurusha kuvuka mto Potomac hadi Washington na kurudi. Vipimo vyake vya muda wa safari hiyo, vikiandikwa kama tofauti na nanosekunde 24,800 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), karibu vyote viko kati ya 16 na 40, kengele nzuri tu. Viwili vimeachwa mbali: -2 na -44. Mediani ya vyote 66 ni 27, na ukiviondoa hivyo viwili inakuwa 27.5. Wastani wa vyote ni 26.2, ukiviondoa unapanda hadi 27.75. Newcomb alichagua njia ya kati: alifuta -44, akaiacha -2, akabaki na wastani wa 27.3 hivi.

Mchoro wowote kati ya niliyoitaja ungevionyesha vile viwili, hata kisanduku. Mimi ningevichora, ningeandika mediani, na chini ya mchoro ningesema ni vipi na kwa nini sikuvifuta. Ila kwa vipimo vya leo, namba ambayo Newcomb alikuwa akiitafuta iko karibu na 33. Rundo lote, lenye kengele yake nzuri, lilikuwa limesimama kushoto kidogo ya mahali pake, na hilo halimo katika umbo lake.